Nani Alibeba Mkungu wa Mwisho

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa pili, nilimpigia simu mgonjwa namba thelathini na moja. Dakika naijua kwa sababu fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha saa, na mimi sijawahi kuacha kisanduku wazi.

"Habari za huko, waitu?" nilimsalimu, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Nzuri."

Nikamwambia ninapiga kutoka hospitalini Bukoba, kwenye ule utafiti wa ngiri, na kwamba mwaka umetimia tangu afanyiwe upasuaji. Nikamsomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: hali yako ikoje?

"Nzuri, waitu. Nzuri kabisa. Mshukuruni sana daktari."

"Maumivu?"

"Hakuna."

"Uvimbe umerudi?"

"Hakuna, hakuna. Tunamshukuru Mungu."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilisema kwa Kihaya, kwa ukali wa mtu aliyekwisha kulisema jambo lile mara nyingi: weka chini, nimekwambia nitaubeba mwenyewe. Kisha simu ikakatika. Mazungumzo yote yalichukua dakika mbili. Kwa kalamu nikaweka alama kwenye neno "nzuri", na kwa penseli, pembeni mwa karatasi, nikaandika maneno ya yule mwanamke. Kalamu ilikuwa ya utafiti. Penseli ilikuwa yangu.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye kiti kile. Niliishia darasa la saba. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mpima kahawa kwenye chama cha msingi, kazi ya mizani na daftari, na jioni nilisoma chochote nilichokipata. Mwuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Bukoba aliniuzia kitabu cha Kiingereza cha takwimu za tiba, kimeliwa na mende pembeni na hakina jalada. Nilikisoma miaka miwili nikiwa na kamusi magotini. Hospitali ilipotafuta karani wa kumbukumbu nilikwenda na daftari zangu za kahawa badala ya vyeti. Daktari wa upasuaji, mtu wa mikoa ya kusini, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa karatasi, alizifunua taratibu ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini hakuna palipofutwa. Nilimwambia kosa hulifuti, unalipiga mstari mmoja ili lisomeke. Wiki iliyofuata nilianza kazi.

Swali la utafiti wake lilikuwa jepesi kulieleza. Ngiri ya kinena ni utumbo unaopenya kwenye tundu la misuli ya chini ya tumbo na kuleta uvimbe. Tundu hilo unaweza kulishona kwa uzi peke yake, au ukaliziba kwa kipande cha wavu. Wavu una gharama zaidi. Daktari alitaka kujua, kwa wakulima wa huku, wanaobeba na kuinua tangu asubuhi hadi jioni, ni njia ipi inayodumu. Kila mgonjwa aliyekubali alipangiwa njia kwa bahasha iliyofungwa, ili asiwepo mtu wa kuchagua. Baada ya mwaka tuliwapigia simu, maana mafuta ya gari ni ghali na vocha ni rahisi. Kupiga hizo simu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mchana ule nilitoa faili zote kabatini, nikazipanga mezani. Nilikuwa nimekwisha piga simu zaidi ya nusu. Nzuri. Nzuri. Nzuri, tunashukuru. Mmoja tu alilalamika, na huyo alilalamikia chakula cha wodini. Wa uzi walikuwa wazuri na wa wavu walikuwa wazuri. Kwa karatasi zile ngiri isingerudi kwa mtu yeyote katika mkoa mzima, na mwandiko wote ulikuwa wangu.

Kwenye mizani nilijifunza jambo moja kabla ya mengine yote. Mkulima akishusha gunia ukamwuliza kama kahawa yake ni kavu, atasema ni kavu. Hasemi uongo hasa. Anakujibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu. Kwa hiyo mpima haulizi. Anatia mkono katikati ya gunia, anatoa punje chache, anazitikisa sikioni. Kavu hulia. Mbichi hunyamaza. Na mimi, mpima wa miaka kumi na minne, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hospitali nikipima kahawa kwa simu.

Nilimweleza muuguzi wa wodi ya upasuaji. Ni mwanamke wa mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara na hakurudi. Alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kinapita changu, ila akitaka kututania hujitoa.

"Ninyi Wahaya," alisema huku akihesabu mikasi, "mtu ameanguka kutoka mtini, tawi limemlalia kifuani. Ukimwuliza habari, atasema nzuri, waitu. Halafu ndipo akuombe umwondolee tawi."

"Kwa hiyo tuulize nini, dada?"

"Profesa ni wewe. Mimi nahesabu mikasi."

Jibu nililipata nyumbani, Buhembe, na nililipata kwa aibu. Mwaka mmoja kabla mgongo ulinishika mwezi mzima. Sikumwambia mtu. Kila aliyenisalimu nilimjibu nzuri. Lakini Jumapili ya pili, tukitoka kanisani, jirani yangu alinishika bega akasema, "Pole na mgongo." Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema, "Hakuna aliyeniambia. Nilimwona mkeo na mkungu." Kwangu mkungu mzito huwa naukata mimi na kuufikisha mimi mpaka mlango wa jiko, na njia ya kutoka kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba, inapita mbele ya nyumba tatu. Jirani hakuwa na haja ya kuniuliza chochote. Aliona ni nani aliyebeba.

Jioni ile, baada ya kula, niliandika swali kwenye daftari langu: Nani alibeba mkungu wa mwisho kutoka shambani kwako? Nililisoma mara tatu. Halikuwa na mahali pa kuweka neno nzuri.

Asubuhi nililipeleka kwa daktari.

"Nani kakwambia ubadilishe swali?"

"Sijabadilisha, daktari. Nimeandika pembeni kwa penseli."

"Penseli si fomu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alinieleza, kwa subira, kile nilichokuwa nimekisoma. Ukimwuliza mgonjwa mmoja hivi na mwingine vile, huwezi tena kuwalinganisha. Maswali yalikwisha pitishwa na kamati ya maadili, hayaguswi katikati ya safari. Nikasema basi tusiyaguse. Tuwatembelee wote upya, wa uzi na wa wavu pamoja, tuwaulize swali lilelile moja, na muuguzi awapime kwa mkono bila kujua ni nani mwenye wavu. Yale ya simu yabaki kwenye faili kama yalivyo, pamoja na makosa yake.

Alivua miwani. "Hilo umelisoma wapi?"

"Kwenye kitabu changu, sura ya tano. Kurasa mbili zimeng'oka, lakini hiyo ipo."

"Unajua nitaiambia nini kamati? Kwamba nusu ya kazi yangu ya mwaka mzima haina maana?"

"Utawaambia karani alikosea."

Alivuta fomu ya thelathini na moja, akasoma maandishi ya penseli, na uso wake ukabadilika. Akasema, "Kamati nitaiandikia, na itachukua muda wake. Lakini huyu asisubiri kamati. Huyu ni mgonjwa wangu kabla hajawa namba yako. Kama ngiri imerudi, siku yoyote utumbo unaweza kunasa pale na kufa, naye akafa nao. Mpigie leo. Mwambie aje nimwone."

Nilimpigia. Akasema nzuri, atakuja Ijumaa. Ijumaa hakuja. Nikapiga tena. Akasema mvua, atakuja Jumatatu. Jumatatu simu yake haikupatikana, na Jumanne, na Jumatano. Kwenye kitabu changu watu wa namna hiyo wana jina: waliopotea. Mwandishi anasema usiwafute haraka, maana mara nyingi aliyepotea ndiye mwenye habari. Alhamisi nilikwenda kwa daktari nikaomba nauli ya watu wawili kwenda Muleba na kurudi. Alitoa ya watu wawili na ya ziada kidogo. "Usirudi na neno nzuri," aliniambia.

Tulipanda basi la asubuhi, mimi na muuguzi, na kutoka Muleba mjini tukachukua bodaboda mbili kupanda mlimani. Yeye alikaa upande, mkoba wa vifaa mapajani, mwavuli mkononi, akimwelekeza dereva namna ya kukwepa mashimo. Kule juu migomba imefunika kila kitu na nyumba huzioni mpaka ufike mlangoni. Tuliuliza mara mbili. Wa pili aliyetuelekeza alitutazama, akatazama mkoba, akasema, "Mmekuja kwa sababu ya tumbo lake?" Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Ni hospitali peke yake iliyokuwa inaambiwa nzuri.

Mwenyeji wetu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alitupokea kwa furaha iliyokuwa ya kweli, na nadhani hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Mke wake, mwanamke mnene mwenye mikono ya kazi, alituletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Tukasalimiana kwa urefu unaostahili. Tukazungumza juu ya mvua. Nikatafuna kahawa mbili. Sikumwuliza hali yake.

"Kibanja chako kizuri," nilisema. "Mikungu mikubwa."

"Tunajitahidi, bwana karani."

"Ule wa mwisho, nani aliubeba kuja nyumbani?"

Alicheka kidogo. "Ah, mke wangu. Nilikuwa na shughuli."

"Na wa kabla yake mimi," mke alisema kutoka mkekani, bila kuinua macho. "Na wa Krismasi mimi. Yeye amekuwa na shughuli tangu mwaka jana."

"Mwanamke, wageni hawakuja kuhesabu ndizi."

"Wamekuuliza."

Muuguzi aliweka kikapu chini. "Baba, mimi sikuja kuhesabu ndizi. Twende chumbani, usimame, ukohoe. Ukikohoa na hakuna kitu, nitakuomba radhi na mkungu mmoja nitaubeba mwenyewe mpaka Bukoba."

Hakuinuka. Alikaa akitazama mikono yake. Halafu alisema kwa sauti ya chini sana, "Mama, usikohoeshe mtu bure. Ipo."

Aliyoyaeleza nayaandika kwa mpangilio aliotumia yeye. Alipotoka hospitalini alikatazwa kuinua kitu kizito kwa miezi mitatu. Wiki ya tano, jirani yake wa chini alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Gari halifiki pale. Kijiji kina machela, na kila mwanamume ana zamu yake ya kuibeba. Asiyeshika mti wa machela hatashikiwa siku yake ikifika. Walikuwa watatu, akatakiwa wa nne. Alishika. Walishuka mlima wakiimba ili hatua ziende pamoja, mama akafika, mtoto akazaliwa. Jioni, akioga, aliona uvimbe umerudi, mdogo kama yai la njiwa.

"Sasa ningewaambia nini?" alituuliza. "Daktari aliniponya vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu. Niseme imerudi, waandike daktari hajui kushona? Mtu amekufanyia wema, unamlipa kwa kumchafua?"

"Na kuja kutibiwa tena?" nilimwuliza.

Hapo mke ndiye aliyejibu. "Mwulize atakwenda kutibiwa wapi. Mwulize na fedha atapata wapi."

Mpango wa mumewe ulikuwa tayari. Angekwenda kufanyiwa upasuaji mbali, katika hospitali wasikomjua, alipe mwenyewe, na daktari wetu asijue milele. Kwa ajili hiyo alikwisha patana na mnunuzi wa butura, wale wanaonunua kahawa ingali mbichi mtini kwa bei ya njaa. Shilingi laki moja na sitini elfu kwa kahawa yote ya msimu. Mnunuzi angekuja na karatasi Jumamosi, na siku ile ilikuwa Ijumaa.

Nilitoa kwenye mkoba nakala ya karatasi aliyoiwekea sahihi mwaka mmoja kabla, nikamsomea kifungu cha tisa. Kilisema kwamba tatizo lolote la upasuaji ule likitokea ndani ya miaka miwili, pamoja na ngiri kurudi, matibabu yake ni juu ya utafiti, si juu ya mgonjwa.

"Hicho sikukisikia," alisema.

"Nilikusomea mimi mwenyewe."

"Ulipokuwa unasoma, mimi nilikuwa nafikiria kisu."

Muuguzi alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amenionyesha kosa langu la pili. Nilikuwa nimesoma, nikaweka alama kwamba nimesoma, na sikuuliza amesikia nini.

Bado alikataa. Karatasi haikumtosha. Neno alilorudia ni kwamba ataharibu hesabu yetu, sisi tuliokwisha andika nzuri.

Nikamwuliza, "Mtu akileta chamani gunia la kahawa mbichi akasema ni kavu, na mpima akamwamini, nani anapunjwa?"

"Chama."

"Na chama ni nani?"

"Ni sisi."

"Hii fomu ni gunia hilo. Mwakani daktari atasoma kwamba wote ni wazuri, atachagua njia ya kutibu watu wa mlima huu kwa kahawa mbichi. Hesabu inaharibika ukinyamaza. Ukisema, inanyooka. Na hatuandiki daktari hajui kushona. Tunaandika: alibeba machela wiki ya tano. Hilo ndilo hasa daktari anataka kulijua, maana kila mgonjwa wetu anatoka kwenye kijiji chenye machela, na sisi tunawakataza kubeba kana kwamba wanaishi peke yao."

Mke wake alisimama, akakung'uta kanga.

"Nimebeba mikungu kumi na mmoja," alisema. "Wa kumi na mbili ataubeba daktari."

Basi akaingia chumbani na muuguzi. Walipotoka, muuguzi hakuwa na utani tena. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama ngumi, lakini ukiubonyeza akiwa amelala ulirudi ndani. Alimpigia daktari pale pale, tukapewa siku: Jumatano ijayo. Kisha akakaa mkekani karibu na mke, akamfundisha dalili akihesabu kwa vidole: uvimbe ukiwa mgumu, ukikataa kurudi, maumivu yakizidi, akitapika. Akamwambia azirudie. Mama yule akazirudia zote nne. Akamwambia azirudie tena.

"Dada," nilimwambia tukishuka, "mimi nilimsomea mara moja, wewe umerudia mara mbili."

"Mimi sikusoma kitabu chako, Profesa. Ningesoma, labda na mimi ningerudia mara moja."

Jumatatu, saa tano na dakika arobaini asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa yule mama. Hakusalimia. Katika maisha yangu yote ya Uhaya sijapokea simu nyingine kutoka kwa mtu mzima asiyesalimia. Alisema: "Ni mgumu. Haurudi. Ametapika mara mbili." Nilimwuliza umeanza saa ngapi. Alisema alfajiri, walipoamka, na kwamba mumewe alikuwa anasema utapoa, ndipo yeye akatoka nje kuita watu wa machela.

Niliandika saa, nikakimbia wodini. Sikuwahi kukimbia ndani ya jengo lile.

Walimshusha mlimani wanaume wanne, na mmoja wao, alinieleza baadaye, alikuwa mume wa yule mama aliyejifungua. Barabarani walipata gari dogo la mtu aliyekuwa anapeleka ndizi mjini, akashusha ndizi zake kando ya njia akawaachia watoto wazilinde. Walifika kwetu saa nane na robo. Daktari alikuwa amekwisha vaa. Nilikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji pamoja na mkewe, ambaye katikati ya kungoja aliniuliza kama nina watoto, na nilipomjibu akasema vema. Katika mkoba wake alikuwa na ile karatasi ya kifungu cha tisa niliyowaachia, imekunjwa mara nne, kana kwamba angezuiwa mlangoni.

Muuguzi ndiye aliyetoka kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa mama, akamshika mikono.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi," alisema. "Wameufunika kwa kitambaa cha maji ya moto, wakasubiri. Rangi imerudi. Hawakukata kitu. Ungekaa mpaka jioni, ningekuwa nakwambia maneno mengine."

Mama aliuliza, "Anasemaje?"

"Bado amelala. Akiamka atasema nzuri. Usimwamini, tutamwangalia wenyewe."

Kamati ilijibu baada ya siku ishirini na tatu, ikakubali. Tulianza upya, namba moja mpaka ya mwisho, Nshambya, Kaagya, Muleba, kwa basi na kwa bodaboda na siku nyingine kwa miguu, masika yote. Wengine walikuwa kweli wazuri, na mikungu waliyobeba tuliiona mlangoni. Wengine hawakuwa, na hao walikuwemo miongoni mwa walionijibu nzuri kwa sauti kavu kwenye simu. Idadi yao, na ni njia ipi iliyoshinda, siandiki hapa. Hayo ni ya daktari na ripoti yake, na hayajawekewa sahihi. Naweza kusema tu kwamba kila aliyepatikana amerudiwa alitibiwa, kwamba hatukumwacha hata mmoja kwenye safu ya waliopotea, na kwamba katika ushauri wa kutoka wodini daktari ameongeza sentensi moja: mgonjwa apewe barua kwa mwenyekiti wa machela, asamehewe zamu kwa miezi mitatu. Barua hizo nazichapa mimi. Kabla mgonjwa hajaondoka namwomba anieleze barua inasema nini.

Fomu za simu zipo kabatini. Sikuzifuta. Nimezipiga mstari mmoja.

Mwezi wa saba nilikwenda Muleba kumwona thelathini na moja kwa mara ya mwisho ya ratiba. Nilimkuta chamani, amesimama kando ya mizani, mikono nyuma kama alivyoagizwa, mkewe akisimamia wabebaji wawili. Mnunuzi wa butura alikuwa ameambiwa Jumamosi ile ile kwamba kahawa haiuzwi. Sasa ilikuwa imekauka. Kwa mazoea nilitia mkono kwenye gunia, nikatikisa punje sikioni. Zililia. Nilimwuliza nani alibeba mkungu wa mwisho. Alisema ni yeye, mdogo, kwa ruhusa ya daktari, na mkewe akasema kweli, mdogo.

Mpima aliandika kilo mia moja na arobaini, kwa bei ya siku ile shilingi elfu nne na mia moja. Nilitoa daftari langu, nikaandika kwa kalamu. Mapato, laki tano na sabini na nne elfu. Toa laki moja na sitini elfu za butura ambazo angepewa. Toa ishirini na nne elfu za wachumaji na wabebaji, kwa kuwa mwaka huu hakuweza kufanya kazi hiyo mwenyewe. Nikamwonyesha, akahesabu kwa midomo, akampa mkewe naye akahesabu. Zilizookolewa: shilingi laki tatu na tisini elfu.